Damu si Mawese

Mume wangu alirudi kutoka mlimani na moyo usiojua kwenda. Walikuwa wamemchukua kubeba mizigo ya Wadachi, wale Wajerumani, yeye na wanaume wengine wa kwetu Rumonge, kando ya ziwa, wakapanda nayo mpaka juu kule ambako asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi. Walilala nje. Aliporudi niliweka sikio kifuani mwake nikasikiliza. Unapiga, unapiga, unanyamaza, halafu unakimbia kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Nikainua kichwa. Akaniuliza, "Unasemaje?" Nikamwambia unapiga. Ningemwambia nini kingine?

Baba mkwe wangu alikuwa mchuuzi wa mawese, mafuta ya michikichi. Watu wa mawese wanajua jambo moja: ukiyapandisha mlimani, baridi inayagandisha, yanakuwa mazito mtungini kama udongo. Ukifika unayasogeza karibu na moto, unayatikisa, yanalegea. Basi mzee alipomwona mwanawe ana midomo ya kijivu na vidole vya baridi, hakuhangaika kutafuta ugonjwa mwingine.

"Damu yake imeganda," akasema. "Moyo unavuta, haiji. Atembezwe."

Na kila mtu aliona ni kweli. Majirani zetu wote walikuwa watu wa mawese na samaki. Hakuna aliyebisha.

Ilikuwa kiangazi. Wakati ule upepo unashuka milimani alfajiri, unapita juu ya mchanga na kuingia ziwani, na wavuvi wenyewe wanajifunika nguo mbili. Saa hiyo ndiyo mzee alimtoa, kifua wazi, maana alisema mwili lazima ujifunze baridi kabla Wadachi hawajaita tena. Walifuata ufuko, mwana mbele na baba nyuma, hadi mto unapoingilia ziwani, kisha wakarudi. Mimi nilikuja nyuma yao na shuka mkononi.

Wavuvi waliokuwa wakishusha ndagala, vile visamaki vya ziwani, walimpigia kelele.

"Eh, shemeji! Mke amekunyima uji leo?"

"Amenipa," akajibu huku anahema. "Ila mimi sasa ni mtungi wa mzee. Lazima nitikiswe."

Wakacheka. Yeye pia alicheka, kisha akainama akashika magoti, na hakuinuka upesi.

Siku moja mzee alikwenda kununua mitungi. Nilimwacha mume wangu alale mpaka jua likapanda, nikampa uji wa moto, nikamfunga shuka kifuani, tukaenda polepole. Akitaka kusimama, tunasimama. Siku hiyo moyo wake ulienda kama wa watu. Midomo ikarudi rangi yake. Tulipofika mtoni akasema, "Mama watoto, leo ningeweza hata kukuoa upya."

"Nyamaza, tembea," nikamwambia.

Mzee aliporudi sikumficha. "Baba, baridi ndiyo inamuumiza. Jua likipanda anatembea vizuri."

"Wewe umeshapandisha mawese mlimani?"

"Sijapandisha. Lakini mwanao si mawese."

Nilidhani atanifukuza. Lakini akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu aliumwa hivi hivi. Akakaa mkekani, akasema anapumzika kidogo. Hakusimama tena, mwanangu." Nikaona kwamba mtu huyu anaogopa kuliko mimi, na mtu mwenye hofu ya namna hiyo huwezi kumtoa hapo alipo. Alfajiri wakaenda tena.

Kiangazi hakijaisha, mtu wa chifu akaja na askari kuchagua wabebaji. Wakati huo mzee mwenyewe alishakubali kwamba mwanawe hauwezi mlima. Tulimlaza mkekani, tukasema ni mgonjwa. Hatukuwa tunadanganya.

Mtu wa chifu akamwangalia, akatuangalia na sisi. "Mugonjwa? Huyu? Kila asubuhi ninamuona iko anatembea kwenye baridi, kifua wazi. Mimi mwenyewe siwezi."

Mzee akapiga magoti. "Ni dawa, bwana. Tulikuwa tunamtembeza kwa dawa."

"Basi dawa imefanya kazi."

Askari akacheka. Alikuwa na kiboko mkononi lakini hakukihitaji, mume wangu alisimama mwenyewe. Nilimfunga shuka kifuani. Akaniambia nisimfuate njiani, nibaki na watoto. Nikabaki.

Kati ya waliorudi, wawili walikuja nyumbani kwangu. Walisema kwamba juu kule, penye upepo, aliomba asubiriwe kidogo. Aliweka mzigo chini vizuri, akakaa juu yake. Wakamwambia, "Inuka ndugu, utaganda." Ni vijana wa mawese, walimpenda. Wakamshika mkono huku na huku wakamtembeza. Walimtembeza hata alipoacha kuwajibu, mpaka wakaona miguu inaburuta.

Sikuwalaumu. Niliwapa mahali pa kukaa, nikawauliza kama walipomzika walimwelekeza kibla.

Mmoja akasema ndiyo.

Mwingine akatazama chini. Akasema kulikuwa na ukungu, siku nzima jua hawakuliona. Walikisia.