Chungu Nilichokitilia Chai

Aibu hii niliifungia sandukuni, ila Hamadi, mwenzangu wa safari za biashara, kila akinywa kahawa pale Kariakoo anaisimulia na chumvi juu, bora niieleze mwenyewe.

Ilikuwa Guangzhou, miaka ya tisini inaishia, nguo zangu za soko la Shahe zimeshafungwa marobota, kesho yake kontena lipakiwe bandarini Huangpu, na mimi bado nina nafasi ya kujaza (sipendi kusafirisha hewa, hewa nayo inalipiwa). Mvua ikatukimbiza, mimi na Hamadi, tukaingia ukumbi uliokuwa wazi. Ndani makasha na sponji, meza ndefu imejaa vyungu, kila chungu kina namba ndogo kitakoni, na mama wa makamo anavipangusa kwa brashi. Nani angesema si duka? Zile namba nikajua ni za oda.

"Laoban," nikamwita, maana huku kila mwenye mali ni bosi, "hiki bei gani?"

Mama akatikisa kichwa. Nikafurahi, ukikataliwa ndiyo biashara imeanza.

"Twende zetu," Hamadi akaninong'oneza, "huyu hata Mchina si."

"Ndiyo maana atauza rahisi."

Basi nikafanya kama ninavyofanya kwa kila chombo: nikakigonga kwa kidole (mlio ukaja mbovu, nikashusha bei kichwani), halafu, kabla mama hajazunguka meza, nikakimiminia chai ya moto kutoka chupa yangu nione kama kinavuja. Kilivuja. Kisha kikaachia ubavu, kikaachia shingo, kikalala mezani vipande vipande, chai inachuruzika mpaka viatuni kwangu.

"Haya," Hamadi akasema, "kimekuwa rahisi kweli."

Mlinzi akanishika ukosi. Ndipo mama, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu, akaniambia yeye ni mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Peru, na vile vyungu ni vya maonyesho, yeye na wenzake wamevitoa, misimu na misimu wakikwangua udongo kwa vijiko, kwenye kijiji cha juu milimani cha watu walioishi kabla Wainka hawajaja. Niliona polisi, niliona pasipoti inachukuliwa, niliona kontena linaondoka bila mwenyewe.

Mama akanitazama, akatazama vipande, akamwonyesha mlinzi kwa ishara kwamba mimi ni mtu wake wa kazi. Mlinzi hakuamini, lakini aliniachia.

"Kilivunjika zamani sana," mama akasema. "Wewe umeyeyusha gundi yangu tu. Vipande vyote vipo?"

Nikavihesabu. Nikarudia. "Vipo, mama."

"Kaa basi. Shika."

Nikashika ubavu wa chungu hadi ukumbi unafungwa, gundi ikikauka. Akanionyesha masizi ndani. "Mwenye chungu aliunguza chakula." Nikapoa kidogo, kumbe si mimi wa kwanza kuaibika na chungu kile.

Wakati wa kuondoka nikamuuliza nimlipe bei gani. Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani nikakubali kukataliwa.

Kontena liliondoka na mimi nikiliangalia, pasipoti mfukoni, kwa hisani ya mama yule, Mungu amweke. Siku hizi sigongi chombo kabla ya kuuliza kama kinauzwa, na chai yangu nainywa mwenyewe.