Bati Tupu Juu ya Waja Wazito

Mimi ni mkunga wa zahanati huku Busale. Kukasirika kazini nimezoea, lakini hasira ya lile jengo bado ninayo.

Tulijengewa nyumba ya kungojea uzazi, mahali pa kulala wanawake wa mbali ambao siku zao zimekaribia, maana mvua za Kyela zikishika, njia zinageuka mito. Kabla ya ujenzi kuliitishwa mkutano. Bibi mmoja, mama wa watoto wanane, fundi wa kusuka mianzi, alisimama akamwambia msimamizi wa ujenzi:

"Mwanangu, ukiezeka bati tupu utawapika humo. Weka dari. Sisi wanawake tutaisuka kwa mianzi, na juu yake tutandike matete."

Msimamizi akatabasamu. "Bibi, hapa tunajenga nyumba ya kisasa, si banda la kuku."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimevaa sare na kukaa upande wa wakubwa.

Basi nyumba ikasimama: kuta za bloku, madirisha ya vioo vya kusukuma, ambayo hufunguka nusu tu, na bati juu bila kitu chini yake. Ikifika saa nne asubuhi wanawake wanatoka na mikeka yao, wanakwenda kujilaza chini ya miti ya kokoa, na matumbo yao makubwa, wakisumbuliwa na siafu. Niliandika barua wilayani. Haikujibiwa.

Kisha ikaja mvua ya mchana mmoja wa Aprili. Ndani ya ile nyumba alikuwemo mwanamke mmoja tu, wa kutoka kandokando ya ziwa; wenzake wawili walikuwa wamekwenda sokoni, mvua ikawazuia huko. Mimi nilikuwa zahanati, hatua ishirini kutoka kwake, nashona kidonda cha mkulima aliyejikata na panga. Mvua ilipiga mabati hata mimi na yule mkulima tukawa tunaongea kwa ishara.

Ilipopungua ndipo nikasikia kichanga kinalia.

Nilimkuta sakafuni. Alikuwa amejizalisha mwenyewe, mtoto kifuani, damu imetapakaa mpaka mlangoni. Nilipambana na ile damu mpaka ikakatika. Walipona wote wawili. Lakini alinitazama akasema, kwa sauti iliyokwisha kukauka:

"Nesi, nimekuita mpaka nimechoka. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapo hapo.

Kesho yake, saa saba mchana, nilimfuata msimamizi alikokuwa akimalizia nyumba ya mganga wa zahanati, nikamwomba aje aone kitu. Alipoingia kwenye ile nyumba ya kungojea nikafunga mlango.

"Kaa hapo kitandani," nikamwambia.

"Sista, nina kazi."

"Kaa. Wao wanakaa wiki tatu."

Alikaa. Shati lilimganda mgongoni. Muda si muda akasimama anajifuta uso kwa kofia. "Dari haimo kwenye mchoro," akasema. "Mkitaka, wekeni wenyewe."

Nilikwenda kwa yule bibi. Nilimkuta uani anapasua mianzi.

"Ugonile, bibi."

Hakuitikia salamu. Akasema, "Siku ile ulicheka."

"Nilicheka. Nisamehe."

Akanisogezea ncha ya mwanzi. "Haya, shika hapa."

Wanawake kumi walisuka kwa siku tisa. Kwa vidole vyangu visivyozoea, nilijikata mara tatu. Tulipomaliza kuifunga ile dari, bibi alilala chali sakafuni, akaitazama, akacheka peke yake.

Ndipo wageni wa kuizindua rasmi nyumba wakaja. Msimamizi akawaingiza ndani, akanyoosha kidole juu. "Hapa tuliamua kutumia malighafi za wenyeji," akasema, "ili kuwashirikisha wananchi."

Wageni wakapiga makofi. Bibi alikuwa nje nyuma ya kamba, pamoja na wapishi.

Niliponyoosha mkono, mshereheshaji akasema muda umekwisha. Nikaongea hata hivyo. Nilisema ni nani aliyeshauri na ni nani aliyechekwa. Nilisema mwanamke alijizalisha sakafuni kwa sababu aliyechagua bati hakuwahi kumuuliza mtu atakayelala chini yake. Msimamizi akawa anasoma simu yake. Mgeni mmoja akauliza huyo bibi yuko wapi, lakini walikuwa wameshaanza kuelekezwa kwenye chakula.

Wiki iliyofuata niliitwa wilayani nikaonywa kwamba nimeaibisha wageni. Karatasi ya onyo niliisaini bila kuisoma. Bibi aliposikia, alinitumia mkungu wa ndizi na neno moja tu: ndaga, yaani asante. Niliupika pale pale, nikala na waja wazito wanne. Tulikula humo ndani, chini ya ile dari, saa saba mchana.