Zamu ya Igalula

Mimi si mtu wa kusubiri, na kazi ya swichibodi pale Tabora ilinifaa kwa sababu ya kengele. Mtu akizungusha mkono wa simu yake, iwe ni kwenye duka la Mhindi wa Mtendeni au stesheni ya Igalula, kengele inalia, kifuniko cha laini yake kinaanguka, nami nachomeka waya. Basi.

Kisha tukaletewa msimamizi mpya, kijana aliyetoka kwenye mafunzo ya siasa, usawa mdomoni asubuhi hadi jioni. Alisema kengele inawapendelea wapiga kelele. Akaing'oa, akavibana vile vifuniko kwa utepe, akaagiza tupite laini moja moja kwa zamu, tukiuliza kila mmoja kama ana haja. Msimu wa tumbaku, laini zote zikiwa na watu, utaratibu wake ulikwenda vizuri kuliko kengele, maana hakuna aliyekukatiza. Lakini siku za kawaida tuliuliza maofisi yaliyofungwa, huku mwenye shida anazungusha mpaka mkono unakufa ganzi.

Wiki hiyo mama yangu alikuwa anaumwa kijijini, karibu na Igalula. Nilikubaliana na stesheni masta wa kule kwamba akizidiwa atampakia kwenye treni na kunipigia, nitafute gari la kumpeleka hospitali. Nilikaa kwenye kile kiti kama nimekalia siafu. Niliomba niruhusiwe kuijaribu Igalula kila mara. Msimamizi alinijibu kwa upole kwamba kila mtu ana mama.

Adhuhuri zamu ya Igalula ilikuwa bado haijafika, uvumilivu ukanishinda. Niliruka zamu, nikachomeka Igalula.

"Dada, nimepiga tangu asubuhi," alisema stesheni masta. "Treni imeshafika huko kwenu."

Nilivua visikizio nikakimbia. Nyuma yangu msimamizi alikuwa akiuliza ile ilikuwa zamu ya nani.

Mama alikuwa ameegemea ukuta wa stesheni, khanga imelowa jasho, abiria wameshatawanyika. Nilimwamkia, marahaba yake sikuisikia vizuri. Nilikuwa na hasira, ningeweza kuvunja kitu. Yeye akamgeukia mwanamke aliyekuwa akimpepea.

"Si nilikwambia atakuja? Mwanangu yuko kwenye simu. Yeye hupata habari kabla ya wote."