Yaliyoandikwa kwa Penseli

Ukitaka kumwona Mwalimu Maximilla Adoyo akipandwa na mori, mletee daftari lililonakiliwa vizuri. Safi, vichwa vimepigwa mstari kwa rula na wino mwekundu, hakuna neno hata moja lililoachwa. Mwalimu mwingine angetia tiki kubwa na kuandika "Hongera". Yeye huvua miwani, husugua macho, na kuuliza lile swali ambalo ameliuliza kila Jumamosi tangu Februari: "Sasa wewe mwenyewe uko wapi humu ndani?" Na mwenye daftari, maskini, hulifunga na kuangalia jalada, akidhani pengine jina lake limefutika.

Alikuwa amejitakia mwenyewe. Miaka thelathini na mbili alifundisha Historia katika shule moja ya kutwa hapa Eldoret, akastaafu kwa heshima zote, keki ikakatwa na blanketi akapewa. Wenzake waliostaafu walirudi kwao kufuga kuku na kuhudhuria matanga. Yeye akabaki mtaa wa Huruma, kwenye vyumba vyake viwili, akaenda kuomba ukumbi wa kanisa. Baada ya ibada akatangaza kwamba vijana waliofanya vizuri KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na wanaongoja kuingia chuo kikuu waje Jumamosi asubuhi, bila malipo, awafundishe kusoma.

Watu walicheka. Mtoto amepata A, unamfundisha kusoma nini tena? Mama mmoja wa Elgon View, mtaa wa wenye nazo, alimfuata hadi kwenye ngazi za kanisa akamwuliza kwa upole kama hakuwa amekosea, labda alitaka kusema kompyuta. Mwalimu akamjibu kwamba kompyuta watajifunza wenyewe, wasilolijua ni kusoma.

Alijua anachokisema, au alidhani anajua. Ogola, kitinda mimba wake, alikuwa na A yake pia. Alikwenda chuo kikuu kusomea uhandisi, kanisa zima likamwombea, na baada ya miaka miwili akarudi na sanduku lake la bati na barua ya kumwambia kwamba ameondolewa masomoni. "Nimeshindwa, Mama," akasema, akaingia ndani akalala siku tatu. Hakuongeza neno, na mama yake hakuuliza. Ya nini kuuliza? Mtu mwenye miaka yote ile darasani anaona mwenyewe. Mtoto alizoea kulishwa notisi kwa kijiko, akafika mahali hapana kijiko. Miaka sita sasa Ogola anachomelea mageti kwenye jua kali hapo hapo Huruma, na Mwalimu aliapa kwamba hakuna mtoto mwingine atakayepita mikononi mwake halafu arudi nyumbani na sanduku.

Basi walikuja, sita. Na lo, walimchosha! Aliwaambia wasome sura moja ya kitabu, wakifunge, halafu waseme kwa sentensi tatu mwandishi anataka kusema nini. Kipkirui, kijana mrefu mwenye adabu zake zote, akainua mkono akauliza ni sentensi zipi tatu. Aliwaambia waandike maoni yao, maoni yao wenyewe, kuhusu mvua ya mwaka huu. Kipkirui akauliza maoni yanayotakiwa ni yapi. Juma lililofuata wote sita walileta maoni yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu walikuwa wamekutana pale kwenye tangi la maji wakakubaliana jibu. Siku hiyo Mwalimu alikwenda akasimama nje kwenye baridi dakika tano nzima, akihesabu mabati ya paa la jirani.

Aliyemtia hofu hasa hakuwa Kipkirui. Kipkirui ni mtu wa kuuliza, japo anauliza upuuzi. Aliyemtia hofu ni Jelagat, binti kutoka Cheptiret, nje ya mji, ambaye mama yake anauza maziwa pale senta, penye maduka. A safi, ameitwa kusomea udaktari, anaamka kabla ya jogoo ili awahi Huruma saa mbili. Hati yake nzuri, ndogo, iliyonyooka. Sauti yake hujawahi kuisikia. Ukimwuliza kama ameelewa anaitikia kwa kichwa. Mwalimu alikuwa akimtazama anaona Ogola yule yule, aliyevaa sketi. Huyu naye atarudi, alijiambia. Huyu hata mwaka hamalizi.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Jumatatu yake Jelagat alikuwa anasafiri kwenda chuo, wengine wiki hiyo hiyo. Mwalimu akaamua kuwapa kitu watakachokikuta huko: mhadhara wa saa nzima, hakuna ubao, hakuna kuandikiwa, kila mtu achukue anachoona kina maana. Akachagua habari ya mji wao wenyewe, jinsi Eldoret ilivyoanza. Akawaeleza kwa nini wazee waliuita Sikstifoo, kwamba ni kwa sababu ya maili sitini na nne kutoka reli hadi hapa. Mvua ikaanza kupiga paa, akapaza sauti, akawaita wasogee mbele, akamwambia mmoja wao, Wanyoike, afunge dirisha. Alipomaliza koo lilikuwa limekauka, akakusanya madaftari na kuwaacha wanywe chai.

La Kipkirui lilikuwa juu. Kurasa tisa. Katikati ya ukurasa wa nne, kwa wino mwekundu, na mstari wa rula chini yake, palikuwa na maneno: "Wanyoike, funga dirisha."

Mwalimu alicheka, kile kicheko cha mtu ambaye hana tena la kufanya. Miezi yote ile! Akalisukuma kando, akafungua la Jelagat, akitarajia kukuta dirisha hilo hilo. Hakulikuta. Palikuwa na ukurasa na nusu tu, mambo yamepangwa, lenye uzito limekaa juu na dogo limekaa chini. Na kwenye pambizo, kwa penseli, kwa herufi ndogo utadhani zinaogopa kuonekana, binti alikuwa ameandika: "Babu anasema ni namba ya shamba, si maili. Mwalimu ametoa wapi? Uliza." Neno la mwisho lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja.

Akarudi nyuma kwenye kurasa za Julai, za Juni, za Mei. Kila mahali penseli. "Hapa hakubaliani na alichosema wiki jana." "Ushahidi uko wapi?" "Uliza." Na kila "Uliza" imekatwa.

Aliwaruhusu wengine waende akambakisha Jelagat. Akamwekea daftari mbele yake na kulishika lile neno kwa kidole.

"Hili ulilikata kwa nini?"

Jelagat alijibu akiangalia viatu vyake. "Ungekasirika, Mwalimu."

"Mimi?" Sauti yake ilijaa ukumbi mzima. "Mimi ambaye tangu Februari nawaomba maswali kama mtu anayeomba maji?"

"Hata sasa umekasirika," Jelagat akasema polepole.

Ni kweli, Mwalimu alikuwa amekasirika. Mkono wake ulikuwa umeinuka wenyewe, kile kidole cha darasani kikiwa kimenyooka mbele ya uso wa mtoto wa watu. Akakishusha.

Jelagat, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akamalizia. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba Cheptiret kuna baridi. "Ukimwambia mwalimu amekosea, unasimamishwa mpaka kengele ilie. Si ndivyo ilivyo kila mahali?"

Na hapo ndipo Mwalimu Maximilla alipokumbuka. Kidato cha Pili. Darasa lake mwenyewe, na mwanawe mwenyewe amekaa nyuma karibu na mlango, kwa kuwa shule ilikuwa moja. Ogola aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kitabu kinasema mwaka mwingine." Shuleni alimwita Mwalimu, walikuwa wamekubaliana hivyo. Naye akamjibu, "Basi njoo ufundishe wewe." Darasa likaangua kicheko. Akamsimamisha pale pale mpaka kengele, ili watoto wa wenyewe wasije wakasema anampendelea wake. Kwenye ofisi ya walimu alisimulia huku akikoroga chai, akasema samaki mkunje angali mbichi, na wenzake wakasema kweli kabisa. Muhula ule yeye ndiye aliyejaza ripoti ya Ogola: "Ametulia. Anatii. Aendelee hivyo hivyo." Wala hakuwahi kukifungua kile kitabu kuona nani alikuwa sahihi.

Alikaa kwenye benchi karibu na Jelagat, mvua ikipungua. Akatoa kalamu yake ya wino mfukoni akampa.

"Andika hilo neno tena. Usilikate. Halafu uniulize."

Jelagat aliandika. Alichukua muda mrefu kwa neno fupi kama lile. Kisha akainua uso, akauliza kwa sauti ambayo Mwalimu hakuwa ameisikia tangu Februari, Mwalimu amejuaje kuwa ni maili.

"Niliambiwa nikiwa mwalimu mpya," Maximilla akasema. "Nikaandika kwenye daftari. Sijawahi kumwuliza mtu yeyote."

Jelagat alitabasamu kidogo, akauma mdomo. Mwalimu akamwambia akifika huko aanze na hilo hilo, umejuaje, awaulize wote, hata mwenye suti, na wakimsimamisha aulize akiwa amesimama. Binti akatia daftari lake begini, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Mwalimu alimwangalia mpaka akavuka barabara. Kwa mara ya kwanza hakuona sanduku lolote.

Hakwenda nyumbani. Alipita kwenye matope na madaftari matano kwapani, ambayo hata alisahau kuyarudisha, mpaka kwenye kibanda cha Ogola. Mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele ya geti kubwa la mtu wa Elgon View, cheche zikiruka. Alipomwona mama yake akazima mashine na kupandisha miwani yake myeusi juu ya paji la uso. Akauliza kama kuna shida.

"Kule chuoni," Mwalimu akasema, "ulishindwa na nini?"

Miaka sita. Ogola alimtazama kana kwamba ameulizwa habari za mtu mwingine. Akapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sikushindwa, Mama. Masomo mawili alama hazikuonekana. Mtihani niliufanya, na nilitia sahihi. Wenzangu watatu zao pia zilipotea. Wakaenda ofisini wakabishana na mwalimu, zikapatikana wiki hiyo hiyo."

"Na wewe?"

"Nilifika mlangoni mara mbili." Alikikunja kitambaa akakiweka juu ya geti. "Ningemwambiaje mwalimu kwamba amekosea?"

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na afadhali ingekuwapo. Siku ile ya Kidato cha Pili hakuikumbuka hata kidogo, au aliikumbuka na hakuona inavyohusika. Alikuwa anaeleza tu jinsi mambo yalivyo. Samaki alikunjwa angali mbichi, akakauka vile vile alivyokunjwa.

Ogola alimwona mama yake amebadilika uso, akadhani ni uchovu wa kutembea. Akavuta stuli iliyokuwa chini ya meza, akaipangusa vumbi la chuma, akamsogezea.

"Kaa, Mama."

"Acha nisimame," akasema.

Ogola alimwangalia kidogo, akashusha miwani yake, akarudi kwenye kazi. Geti lilikuwa kubwa na bado vyuma vingi. Mwalimu alisimama pale pale, madaftari kwapani, mpaka mwanawe alipomaliza.