Trekta Iliyolala Pua Chini

Majina ya wote waliokuwapo ninayo kichwani, hata la jirani aliyekuja kuomba moto akakaa mpaka mchana. Lakini wako hai, tunasali misa moja, kwa hiyo nitasema tu binti yangu, kaka yake na fundi. Inatosha.

Nyumba yetu iko Matiri, juu kwenye mteremko. Huku ukidondosha limau mlangoni, kaliokote kwa jirani. Mlimani tunalima kwa jembe, mashimo ya ngolo yanayozuia mvua isibebe udongo, kama walivyolima mama zetu. Trekta ni ya kule bondeni, na ya kuvuta tela la kahawa wakati wa mavuno. Yenyewe ni ndogo, kuukuu. Marehemu mzee wangu aliipata ikiwa imeshachoka. Mzee alipofariki, binti yangu, ambaye ndoa ilikuwa imemshinda akarudi nyumbani na watoto, aliipanda akaiendesha. Watu walicheka siku mbili, siku ya tatu wakaja kuomba wabebewe kahawa. Trekta hiyo ndiyo iliyowalisha wanawe.

Mwaka mmoja betri yake ilidhoofika. Basi tulifanya kama wafanyavyo wote wenye vyombo huku juu: jioni unailaza pua ikitazama bondeni, unaweka jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi unaondoa jiwe, inateremka yenyewe, ikishika mwendo unaachia klachi, inaunguruma.

Kabla ya kuondoa jiwe, binti yangu alipima oili. Baba yake alimfundisha vizuri. Pima injini ikiwa imepoa, oili yote imeshuka tumboni. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena, ndipo usome. Oili isikae chini ya alama ya chini, wala isipite ya juu. Na kifuniko cha rejeta usikifungue ikiwa ya moto. Hilo alilijua hata bila kufundishwa, kovu analo mkononi.

Mwaka huo kila alipopima aliikuta oili iko chini. Anaongeza, kesho iko chini tena. Ya gia nayo vilevile. Kisha ukaanza moshi, mzito, wa bluu, mpaka watu wa bondeni wakawa wanasema bibi fulani anachoma mkaa barabarani.

Tukamwita fundi kutoka Mbamba Bay. Alipanda na basi dogo, akafika anahema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pole na mlima."

"Bibi, ninyi watu wa huku mnalalaje? Mnajifunga kamba kitandani msiviringike?"

"Tunalala vizuri kuliko ninyi mnaolala na harufu ya dagaa," nikamwambia. Hao watu wa ziwani ni watani wetu, usipowajibu wanakuona mgonjwa.

Akacheka, akachomoa kijiti, akatazama moshi, akaacha kucheka. "Ringi za pistoni zimekwisha. Inakunywa oili. Hapa ni kufungua injini yote."

Binti yangu akampigia simu kaka yake, yule mwenye kazi ya ofisini. Nilimsikia kaka mtu kwenye simu, maana anapiga kelele kama anaongea na viziwi. "Kama ni kufungua injini, dada, basi tena. Jumamosi nakuja na mtu wa vyuma chakavu."

Binti akakata simu. Alikaa akachambua maharage, mabovu akayaweka na mazima. Nikayachukua, nikayachambua upya mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nilikuwa naosha maharage hayo uani. Beseni nimeliweka chini, na maji yakawa yamelalia upande mmoja: huku yanataka kumwagika, huku maharage yako wazi. Hilo si jambo jipya. Tangu niolewe sijainjika sufuria mahali hapo bila kuweka kijiwe chini ya figa moja, uji usije ukamwagika upande. Lakini siku hiyo nilinyanyua macho nikaiona trekta, imeinama vilevile kama beseni langu, na yale maneno ya fundi ya kuviringika yakanirudia.

"Njoo," nikamwita binti. "Tundu la kijiti liko wapi?"

"Nyuma ya injini, Mama, karibu na miguu yangu."

"Na oili ikiwa imeinamishwa hivi inakwenda wapi?"

Akatazama beseni. Akatazama trekta.

Nikalishika beseni langu nikazunguka nalo. Uani, hapana. Kwenye meza za kuanikia kahawa, hapana. Njiani kila nilipolitua maji yalikimbilia bondeni. Jirani, yule wa moto, akauliza kama nimepoteza pete. Mahali maji yalipotulia, pande zote sawasawa, palikuwa kiwanja cha kigango, tulichokichonga kwa majembe tulipojenga kanisa.

Binti akaiteremsha trekta na moshi wake mpaka pale, akaizima. Tukangoja ipoe. Tulisali rozari nzima, na mimi nilisali polepole makusudi. Ndipo akafuta kijiti, akakirudisha, akakichomoa. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, vidole vitatu. Akafuta tena. Vidole vitatu. Mara ya tatu hakufuta, alikaa chini kwenye nyasi na kile kijiti mkononi.

"Mama, nimekuwa naizamisha."

Kila asubuhi oili ilikuwa imekimbilia puani, kijiti kikidanganya, na yeye akiongeza. Ile ya ziada ndiyo iliyokuwa ikiungua. Tukalegeza nati ya chini, tukaipunguza kwenye dumu, kidogo kidogo, tukipima, mpaka ikakaa katikati ya alama mbili. Ya gia tukaifanyia vilevile, kisha tukaisukuma mpaka ukingo wa kiwanja, pua bondeni, tukaiwekea jiwe.

Jumamosi kaka mtu akafika na mtu wake. Shikamoo yake ilikuwa ya haraka. Binti hakumbishia, aliondoa jiwe tu. Trekta ikateremka, ikaguruma, ikatoa moshi mkubwa, na yule mtu wa vyuma akatabasamu. Kisha moshi ukapungua. Binti akaenda nayo mpaka bondeni akarudi akipanda, na moshi nyuma yake ukawa mwembamba, ukawa kama wa mtu anayevuta sigara.

"Ilikuwa inaumwa nini?" kaka akauliza.

"Ilikuwa imeshiba," dada yake akamjibu.

Mtu wa vyuma hakurudi mikono mitupu, nilimpa baiskeli iliyooza na majembe yaliyolika. Mwanangu akakunja suruali yake ya ofisini, akachukua jembe zima, wakachonga na dada yake pembeni mwa ua mahali tambarare pa trekta. Mara mbili nilipima kwa beseni nikakataa. Mara ya tatu nililitua beseni, maji yakatulia.

Sasa inalala hapo, na asubuhi tunaisukuma hatua chache mpaka kwenye mteremko. Tone moja la oili bado linadondoka chini ya gia, mahali palipolegea siku zile, tumetega kopo. Fundi nilimpigia simu kumweleza. Akasema, "Bibi, siku nyingine nitapanda na beseni langu."

"Njoo nalo," nikamwambia, "lakini ulioshe kwanza, lisinuke dagaa."