Maharage Niliyoyaosha

Ndugu zangu, nawaomba hili lisitoke hapa. Hata kaka yangu msimwambie.

Nimeharibu mbegu ya chama chetu cha wakulima.

Kibuyu cha maharage ya zamani kilikuwa kabatini, ofisini Uyole, kimejaa majivu. Wiki hii tuna maonyesho ya historia yetu, nikaona aibu kwa wageni. Nikayaosha, nikayatia kwenye chupa safi.

Leo asubuhi nimekuta yote yameota ukungu.

Mara akaingia Bibi Tusekile, mmoja wa waanzilishi. Nikasahau hata shikamoo.

“Uliyaosha?”

“Ndiyo, bibi.”

“Ukatoa na majivu yanayozuia wadudu! Msomi wewe!”

Akacheka mpaka akakaa. Kisha akasema taratibu:

“Na mimi niliyaosha, nilipoolewa. Mama mkwe hakunisemesha wiki nzima. Nikazunguka kwa majirani kuomba mbegu, tukakubaliana kuanzia hapo tutunziane. Ndiyo chama hiki, mwanangu.”

Kwenye bango nilikuwa nimeandika kwamba mbegu yetu haijawahi kupotea.

Nimeifuta hiyo sentensi. Mwenyekiti bado hajaona.

Mwenye maharage kama hayo, meupe yenye mabaka mekundu, anifuate inbox. Msipige simu ya ofisi. Mkija, piteni mlango wa nyuma.

Na tafadhali, msiyapanguse majivu.