Majina ya Marehemu kwenye Flashi ya Mwaija

Wifi yangu Mwaija haogopi kompyuta hata kidogo. Mashine iliyomshinda fundi wa mjini, yeye anaifuta, anaitia Linux, mfumo usiodai leseni, ulioachwa wazi kwa kila mtu, na mwenye mashine anaiwasha kama redio. Hapa Zinga amewahamishia watu kumi na tisa kwenye mfumo huo, wengine barua tu kuandika inawatoa jasho. Maneno makubwa hana. "Wewe unataka kufanyia nini?" anauliza, kisha hicho anakiweka mbele, basi.

Mimi, Tabia, nauza vitumbua barazani pake, kwa hiyo mambo ya Maalim Mikdad niliyaona kwa macho yangu.

Alikuja Jumatano, mwezi wa Shaaban. Laptopu yake ilichukua nusu saa kuwaka, na ndani mlikuwa na majina ya marehemu wa Zinga nzima. Huyasoma kila mwaka, Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, tuwaombee dua. Ameyaandika miaka kumi na moja, na karatasi hana. Mwaija akayanakili kwenye flashi yake, akamwonyesha, akaingia ndani kugeuza ubwabwa.

Aliporudi akaifuta laptopu, akaweka Linux. Ikawaka upesi, Maalim akacheka mpaka mapengo yakaonekana.

"Sasa nirudishie majina yangu, mwanangu."

Kwenye flashi mlikuwa na taarabu tu.

"Niliyatoa ulipoingia ndani," Maalim akasema taratibu. "Yalikuwa pamoja na nyimbo. Marehemu hawachanganywi na nyimbo. Nikajua kwenye mashine bado yamo."

Hasira zilinipanda. Mtu mzima unafuta kitu cha watu kimyakimya, kinywa huna? Nilimwambia hivyohivyo na sijuti. Maalim akauliza Ijumaa atawaambia nini watu.

Mwaija wala hakupandisha sauti. "Maalim, kufuta ni kung'oa kibao cha mlangoni. Nyumba bado ipo, mradi asiingie mpangaji mwingine. Sasa usiguse kitu."

Akaichomeka flashi kwenye laptopu yenye mfumo uleule mpya, akafungua programu ya kutafuta vilivyofutwa. Tulikaa hapo mpaka Alasiri ikaadhiniwa, na orodha ikarudi. Mwaija akashuka nayo hadi chini kuhakikisha haikukatika.

Jina la mwisho lilikuwa Shuaibu bin Rehani. Kaka yangu huyo, mumewe Mwaija. Miezi sita tangu tumzike, na hakuna kati yetu aliyeweza kulipeleka jina lake kwa Maalim.

"Hukulileta," Maalim akamwambia. "Nikaona nisikungoje."

Mwaija hakulia siku ya mazishi, watu wakamsema. Siku hiyo alilia mbele yetu, na mimi nikalia naye. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio, akainakili orodha kwenye flashi mpya isiyo na wimbo hata mmoja, akamkabidhi Maalim mkononi.